Fidia ya serikali Uingereza: mshambuliaji hajakamatwa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kudai fidia wakati aliyekuvunja taya kule Manchester hajakamatwa. Unaweza. CICA, ofisi ya serikali inayowalipa waliojeruhiwa kwa ukatili, haidai mtu awe amehukumiwa. Inachotaka ni polisi wawe wameambiwa mapema. Usingoje kesi iishe: mwisho ni miaka 2 tangu tukio, na wengi hukwamia hapo. Jaza fomu mtandaoni, ni bure, ukiwa na namba ya polisi (ile RB ya kwetu) na jina la hospitali iliyokutibu. Wakili si lazima, naye atamega chake kwenye malipo. Kama uliwahi kutiwa hatiani, sema, wataiona tu. Ukikataliwa, omba mapitio ndani ya siku 56 tangu tarehe ya barua.