Glavu kutwa nzima, ukurutu hauponi

SWALI: Daktari, nafanya kazi ya usafi na nina ukurutu wa mikono. Nilishauriwa kuvaa glavu za mpira, basi nazivaa asubuhi hadi jioni, lakini muwasho na mipasuko vimezidi. Je, nitafute glavu nene zaidi? Halafu kuna mtu kaniuzia krimu ya kikopo, anasema nijipake, nivae glavu, nilale nazo.

JIBU: Nene zaidi za nini? Punguza muda wa kuzivaa. Hili la kuigeuza glavu kuwa dawa, eti ukishinda nayo ndivyo utakavyopona upesi, nakutana nalo kila mara na linanichosha. Mpira unaozuia maji yasiingie ndio huohuo unaozuia jasho lisitoke. Vua glavu baada ya dakika 20 za kazi uangalie vidole: vimelowa, ncha zimejikunyata, na kila ufa unachonyota. Sisi wa ngozi huhesabu saa za ndani ya glavu sawa na saa za ndani ya maji, na zikipita 2 kwa siku tayari ni hatari.

Kwa hiyo vaa unapogusa maji na sabuni tu, ukimaliza vua. Ndani tanguliza glavu nyepesi za pamba, na zikilowa badilisha. Pete acha nyumbani, sabuni hujificha chini yake. Glavu iliyotoboka, hata tundu la sindano, tupa, maana sabuni ikishaingia inafungiwa humo pamoja na ngozi yako.

Tazama pia vipele vinaishia wapi. Vikikoma juu ya kifundo cha mkono kwa mstari kama wa rula, pale pale glavu inapoishia, ishuku glavu yenyewe. Katika kutengeneza mpira hutumika kemikali kama thiuramu, ambazo huleta mzio kwa baadhi ya watu. Kukimbilia glavu za nitraili, yaani mpira bandia, huenda kusikusaidie, kwani nazo mara nyingi zina kemikali za jamii hiyo. Omba kipimo cha viraka, vile vinavyobandikwa mgongoni na kusomwa kuanzia saa 48.

Sasa hicho kikopo. Hakina jina la dawa? Usikipake. Krimu isiyo na lebo inayotuliza muwasho kwa usiku mmoja, mimi huishuku steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Steroidi si adui, naiandika karibu kila siku, lakini kwa jina, nguvu na idadi ya siku. Ukiifunika kwa glavu, ngozi huifyonza maradufu na zaidi, kisha hukonda hadi kuchanika kwa kuguswa. Na kama kumbe ni fangasi, hasa mkono ukiwa mmoja tu, unailisha. Cha kulala nacho ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato na glavu safi za pamba.

Wauzaji hawa ndio pia wanaowaambia watu ukurutu ni uchafu wa damu, waloweke mikono kwenye ndimu, siki au dawa ya madoa. Ukurutu si uchafu na hauambukizi. Ngozi iliyopasuka ukiimwagia vitu hivyo unaiunguza, basi. Ukiona usaha, ukoko wa manjano au uvimbe wenye joto, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe glavu unazotumia pamoja na kila ulichojipaka, hata kama unaona haya kukionyesha.