Kupima kiinitete kabla ya kupandikiza: ulipie?

Dada, umeuliza kama kwenye IVF (mimba kutungwa maabara) kipimo cha kromosomu za kiinitete, yaani vibeba vinasaba vyake, kinastahili pesa ya ziada. Kwa miaka 31, mimi ningeitunza hiyo pesa kwa ajili ya kupandikiza tena. Kipimo hakiboreshi kiinitete, kinachagua tu kati ya vilivyopo. Siku ya tano au ya sita baada ya yai kurutubishwa hunyofolewa seli chache za tabaka la nje, lile linalokuja kuwa kondo la nyuma, na si lazima zifanane na za ndani. Utafiti wa China wa 2021 ulichukua wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37, kila mmoja na viinitete vizuri visivyopungua vitatu: waliopimiwa walijifungua asilimia 77.2, wasiopimiwa 81.8. Ungekuwa umevuka 38, au mimba zinatoka kila mara, tungeongea mengine.

Hiyo akili mnemba ya kuchagua kiinitete ambayo kliniki wanainadi nayo, jaribio la 2024 lilikuta inachagua kwa sekunde kama 21, wataalamu dakika tatu na ushee. Mimba? Asilimia 46.5 kwa 48.2, na mashine ndiyo yenye 46.5!

Waulize kliniki pia: majibu ya kipimo yakirudi “mchanganyiko” (baadhi ya seli zina kromosomu za kawaida, nyingine hazina), kiinitete wanakitupa au wanakigandisha?