Mchungaji, usiwalee kondoo wote peke yako

Ndugu mchungaji, umeuliza mbona kanisa lako la Kayole linajaa Jumapili lakini waumini hawakomai kiroho. Tazama ratiba yako: mahubiri, harambee, mazishi, kamati, yote ni wewe. Waefeso 4:11-12 inasema wachungaji walitolewa ili wawaandae watakatifu kwa kazi ya huduma. Basi chagua watu watatu, hata yule makanga wa matatu asiyemiliki suti. Someni Injili ya Marko pamoja kila wiki, nenda nao kuwaona wagonjwa, kisha waachie ushirika wa nyumbani nawe ukae pembeni, kimya. Paulo alimwagiza Timotheo hivyo hivyo: awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaowafundisha wengine (2 Timotheo 2:2). Wazee wa kanisa watanung'unika, najua. Mpe kila mzee mtu wa kumlea, na kikaoni uulizie habari za huyo mtu kabla ya hesabu ya sadaka.