Kuhusu kutamani Jumamosi ya mapumziko

Ndugu wa Igoma, Mwanza, nimekuelewa: unafanya kazi kiwandani siku sita, na Jumapili pekee haikutoshi kufua, kusali na kupanda meli kwenda Ukerewe kumwona mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 21, inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kubana saa 45 za wiki katika siku tano, hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, bila malipo ya saa za ziada. Sisi kazini kwetu tuliomba tukiwa watano, kwani ombi la mmoja huonekana uvivu. Jumamosi tuliipata, ingawa kwa siku hizo ndefu miguu iliwaka moto. Ukilazimishwa kusaini, kaone kwanza chama cha wafanyakazi.