Binti akiingia timu ya roboti, apewe bisibisi

Wadogo zangu mlioko sekondari hapa Dodoma, na nyie wazazi na walimu, kuna jambo nataka niliseme kuhusu timu za roboti mashuleni maana nimekaa nazo, kwanza nikiwa mwanafunzi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na sasa nasaidia klabu ya shule moja ya kata kila Jumamosi asubuhi. Wengi wanadhani msichana akishaandikishwa tu kwenye timu basi imeisha hiyo, atajiamini. Haiko hivo. Kinachomjenga ni kazi anayopewa akiwa ndani ya timu.

We angalia timu yoyote yenye wavulana na wasichana. Vifaa vikishatoka tu kwenye boksi mvulana mmoja kashika laptopu, mwingine kashika bisibisi, na wasichana bila hata kuambiwa na mtu wanajikuta wanaandika ripoti, wanapamba bango, wanatunza daftari la mahudhurio. Si kwamba wavulana wana roho mbaya. Ila wengi wao walishafungua redio ya nyumbani wakaiua kabisa na yakaisha, wakati binti muda huohuo alikuwa anachota maji au kambeba mdogo wake mgongoni, kwahiyo mwenzake anakuja klabu mikono imeshazoea kugusa vitu na yeye anakuja akiwa na hofu ya kuharibu. Mwisho wa muhula anapewa cheti cha ushiriki na hajaunganisha waya hata mmoja, afu anarudi nyumbani anaamini zaidi kuliko mwanzo kwamba haya mambo si yake. Hii inaniuma kweli.

Kwetu tunazungusha kazi. Aliyeandika programu wiki hii wiki ijayo anafunga mota, aliyefunga mota anaandika ripoti, na hakuna kumnyang'anya mtu kitu mkononi kwasababu eti anachelewa. Hilo la mwisho ndo gumu kuliko yote, hata kwa walimu, manake ukiona mtoto anahangaika na waya mkono unakuwasha umsaidie. Acha. Mwelekeze kwa mdomo, mikono yako weka nyuma.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, mpole sana, darasani hanyooshi mkono kabisa. Zamu yake ikafika ya kile kihisi cha kupima umbali kwa sauti, kile chenye macho mawili. Kinafanya kazi kwa mwangwi: kinatoa sauti ambayo sikio letu halisikii, inagonga ukuta inarudi, na bodi, yaani kale kakompyuta kadogo kanakoendesha roboti, inahesabu muda. Sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, kwahiyo ikirudi baada ya sekunde 0.002 imetembea kama sentimita 68. Sasa roboti yetu tuliiambia isimame ikibaki sentimita 20, na yenyewe ikawa inagonga ukuta kila saa. Wavulana wakasema betri imechoka, wakabadilisha betri, ikagonga tena. Yule binti akachukua daftari akapiga hesabu kimyakimya, afu akasema hizo 68 ni za kwenda na kurudi, ukuta uko sentimita 34, mmesahau kugawa kwa mbili! Akaandika mwenyewe kwenye programu, roboti ikasimama. Kilichofuata ndo nataka mkijue: mkutano wa asubuhi shuleni alisimama mbele ya shule nzima akaeleza mwangwi kwa Kiswahili chake kilekile cha nyumbani, na akaulizwa maswali akajibu. Hakuna semina ya kujiamini ingemfikisha pale, alijiamini kwasababu alikuwa anajua.

Na wasichana waruhusiwe kuunguza vitu. Taa ndogo ya LED ukiiunganisha bila rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, inaweza kufa, na bei yake ni ndogo sana, iache ife, akishaona mwenyewe hatasahau rezista maisha yake yote. Ile "usiguse utaharibu" imewarudisha nyuma mabinti wengi kuliko mtihani wowote.

Suala la hela nalielewa. Bodi ya Arduino moja inatosha kundi zima kuanzia, wala si lazima iwe orijino. Mota tunatoa kwenye deki za DVD zilizokufa, zungukeni kwa mafundi redio mtaani muombe, wanazo za kutupa. Na kama bodi hamna kabisa, kuna tovuti ya Tinkercad, ni bure, unaunganisha saketi na kuandika programu kwenye kompyuta ya shule au ya mtu mwingine ilimradi intaneti ipo.

Mkihisi vifaa vyenu ni duni wakumbukeni wale wasichana wa Herat, Afghanistan. Mwaka 2017 walinyimwa viza ya Marekani mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global kule Washington, wakaondoka na medali ya fedha ya ujasiri. Mwaka 2020 korona ilipoingia, timu hiyohiyo ya mabinti ikatengeneza mfano wa mashine ya kusaidia kupumua kwa mota ya Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki ya Honda. Corolla na pikipiki, vitu vinavyopita hapa Jamatini kutwa nzima.

Jambo la haraka ni kwa mlioko kidato cha pili. Mkiingia cha tatu shule nyingi zinawaacha mchague kuendelea na fizikia au kuiacha, na wasichana wengi wanaiacha palepale. Usiiache kabla hujaishika kwa mikono, kwasababu bila fizikia hakuna PCM (fizikia, kemia na hesabu za kidato cha tano na sita), na bila PCM milango mingi ya uhandisi inafungwa. Na ukumbuke kuna ule ufadhili wa Rais Samia ambao tangu 2022 unawasomesha chuo waliofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita.

Kama shule yenu haina klabu, tafuteni mwalimu mmoja wa fizikia au hesabu akubali kuwa mlezi, afu mwandikieni mkuu wa shule barua fupi mkitaja siku, saa na chumba. Muombeni mwanafunzi wa kompyuta pale UDOM aje, wengi tunakubali tukiombwa kwa adabu. Na barua nyingine iende kwa wazazi, iseme wazi binti anatoka saa ngapi na anarudi na nani, manake mama wengi wanakataa kwa hofu ya njiani tu, roboti yenyewe hawana shida nayo.