Vibarua UK: kwa nini slipu ya kwanza imekatwa asilimia 20, na hela inarudije

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote mpaka hapa nikaona niandike kwa kirefu, maana mmoja kakwambia "UK ndo ilivyo, zoea" na mwingine anakushauri uache ghala ukakodi akaunti ya mtu uwe unabeba chakula kwa baiskeli, na huo ushauri wa pili unaweza kukurudisha nyumbani bila cheti, ntaufikia huko chini. Kwa aliyechelewa: mwenzetu kafika Leeds Septemba kwa viza ya mwanafunzi, kapata kibarua cha ghala kupitia ajensi, masaa 20 kwa wiki, kaambiwa kwamba chini ya pauni 12,570 kwa mwaka mtu halipi kodi ya mapato, halafu slipu ya kwanza inaonyesha pauni 244 na kodi 48.80, na kwenye kona pameandikwa BR. Anauliza kama ajensi imemuibia.

Hawajakuibia, hiyo 48.80 imeenda HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) kweli, lakini hudaiwi hata senti yake na itarudi. Tatizo lako lote liko kwenye hizo herufi mbili. BR maana yake kila pauni ya kazi hiyo inakatwa asilimia 20 kuanzia ya kwanza, kwa sababu mfumo unaamini una kazi nyingine mahali na kule ndo kiwango chako kisichokatwa kimeshatumika. Wewe huna kazi nyingine. Msimbo wako wa kodi ulitakiwa usomeke 1257L, ambao ni ile ile 12,570 imeondolewa tarakimu ya mwisho, na walio Scotland wanaona S mbele yake, walio Wales C.

Sasa kwa nini wakakuwekea BR? Siku ya kuanza kazi kuna fomu inaitwa Starter Checklist, inajazwa na mtu asiye na P45 (karatasi ya mapato na kodi unayopewa ukiacha kazi) ya mwajiri aliyepita, na ndani yake mna kauli tatu A, B na C. A ni kwamba hii ndo kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili na huna nyingine. B ni kwamba ulikuwa na kazi baada ya 6 Aprili ila imeisha. C ni kwamba una kazi nyingine au unapokea pensheni. Ukipewa A unapata 1257L ya kawaida, B unapata 1257L yenye W1 au M1 au X mkiani, C unapata BR moja kwa moja. Na kama hakuna fomu kabisa, unawekewa 0T, ambayo haikupi kiwango cha bure hata kidogo. Ajensi yangu ya kwanza (jina nakaa nalo) walikuwa wanatujazia wao kwenye tableti, foleni ndefu asubuhi, watu wa usafi na wa jikoni wamesimama na mabegi, na kila mtu alitiwa C kwa sababu kwao ndo njia ambayo hakuna atakayewauliza kitu, ukihoji wanakwambia HMRC watarekebisha. Mpaka leo naona ni uzembe mbaya sana, maana wanaoumia ni watu wa wiki ya kwanza ambao hawajalipa hata kodi ya chumba, na wengi hawajui kama kuna cha kuuliza.

Kitu kinachotuchanganya sisi wa kutoka nyumbani ni namna ya kuhesabu. Bongo PAYE (kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara) ni ya mwezi, laki mbili na sabini ya kwanza haikatwi, mwezi ukiisha hesabu imeisha, na kibarua wa kutwa ndo kabisa anapewa chake mkononi hajui hata slipu inafananaje. Huku hesabu ni ya mwaka mzima, kutoka 6 Aprili hadi 5 Aprili, na hiyo 12,570 inajilimbikiza wiki baada ya wiki, karibu pauni 242 kila wiki, hata kama hukuwa na kazi. Kwa hiyo wewe uliyeanza katikati ya Oktoba, ukiwa kwenye 1257L ya kawaida unakuta nusu mwaka imeshapita na una zaidi ya pauni 6,500 zimekusubiri ambazo hazikatwi, na mtu aliyefika Septemba akabaki hapa hadi mwaka wa kodi uishe kiwango chake hakipunguzwi eti kwa sababu Aprili alikuwa Mbeya. Piga hesabu: kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na kuendelea mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025 kilikuwa 12.21 kwa saa, mara 20 ni 244.20, hata ukifanya wiki zote 52 unafika 12,698, yaani umezidi kwa pauni 128 na kodi ya mwaka mzima ni kama pauni 26. Wao wamekukata 48.80 kwa wiki moja!

Hapo ndo uelewe ubaya wa zile W1, M1 na X. Zinakupa kiwango cha wiki hiyo au mwezi huo tu, haziangalii nyuma, kwa hiyo hata msimbo ukibadilika kutoka BR kuwa 1257L X, zile ulizokatwa mwanzo hazirudi hapo hapo. Unachotaka ni 1257L tupu isiyo na mkia.

Kurekebisha: fungua akaunti yako ya kodi ya mtandaoni kwenye gov.uk au apu ya HMRC, ukishaingia utaona mwajiri wako na msimbo, kuna sehemu ya kusema taarifa za kazi si sahihi. Ikikugomea (wageni wengi inawagomea kwenye kuthibitisha utambulisho) piga 0300 200 3300, uwe na NI namba (namba yako ya National Insurance) na slipu mkononi, sema wazi kwamba hii ni kazi yako pekee na mwajiri kakuweka kwenye C. Usiende kugombana na binti wa mishahara kule ajensi, mwajiri akishatuma taarifa zako hawezi kukuchagulia msimbo anaotaka, anasubiri HMRC imtumie. Mimi walipobadilisha, slipu iliyofuata mstari wa kodi ulikuwa na alama ya kutoa, yaani nililipwa ya wiki ile pamoja na zile walizokata, bila kujaza fomu nyingine yoyote.

Na kama una mzazi au jirani ambaye Kiingereza hakipandi, HMRC wanakubali umsaidie kuongea akiwa yupo hapo kwenye simu, na anaweza kuomba mkalimani. Nimekaa na mama mmoja wa Goma anayefanya usafi wa ofisi usiku, alikuwa amekatwa BR tangu aanze, na alikuwa hataki kupiga akidhani akilalamika kwa serikali wataangalia makaratasi yake ya ukimbizi. Tukapiga, akajibu mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa kwa Kiingereza, mengine nikaeleza mimi, wakabadilisha. Kudai chako kwa HMRC hakugusi hadhi yako ya ukimbizi wala viza, waambieni watu hilo, kuna wengi wananyamaza kwa woga tu.

NI namba, kama bado hujaipata unaomba mtandaoni bure, na unaruhusiwa kuanza kazi wakati unaisubiri mradi umethibitisha haki ya kufanya kazi. Usimlipe mtu yeyote akuombee.

Mstari wa pili kwenye slipu, National Insurance (mchango wa bima ya jamii), huo usiuchanganye na kodi, sheria zake tofauti kabisa. Unahesabiwa kwa kila malipo peke yake na haujilimbikizi. Ukilipwa kwa wiki, chini ya 242 hukatwi, juu ya hapo ni asilimia 8 ya kilichozidi. Kwa hiyo likizo ya Krismasi ukifanya masaa 45, kwa ile 12.21 ni pauni 549.45, utakuta NI ya kama 24.60, na hiyo huirudishiwi mwisho wa mwaka eti kwa sababu jumla yako ni ndogo. Kodi yenyewe wiki hiyo bado inaweza kuwa sifuri. Mstari wa tatu ni pensheni, ukiwa na miaka 22 na wiki yako ikapita 192 wanakuingiza wenyewe, kwa kawaida asilimia 5 yako, una mwezi mmoja wa kujitoa ukarudishiwa. Usikurupuke kujitoa kama unapanga kukaa, mwajiri naye anaweka chake humo.

Ukiongeza kazi ya pili, BR kwenye hiyo ya pili ni sahihi, usishtuke. Ila kama ya kwanza inakupa pauni 150 tu na ya pili 90, unakatwa 18 kila wiki wakati jumla yako haijafika hata 242, hapo unaomba HMRC wagawanye kile kiwango kazi mbili. Na kumbuka masaa 20 ya viza ni jumla ya kazi zote, Jumatatu hadi Jumapili, hakuna masaa 20 ya huku na 20 ya kule.

Sasa hili la kukodi akaunti ya delivari. Mkuu, viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri, na zile kazi za apu za kubeba chakula zinahesabiwa kujiajiri hata ukifanya saa moja. Juu ya hapo akaunti si yako, mapato yanaingia kwa jina la mwingine, kodi anadaiwa yeye, na siku akikataa kukulipa huna pa kwenda kushtaki. Aliyekushauri pengine anatafuta mtu wa kumkodishia. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wazuri kabisa, wa masters, wamefutiwa viza wakiwa wamebakiza dissertation.

Wanaoruhusiwa kujiajiri ni wengine: wenye hadhi ya ukimbizi, wenye viza ya Graduate (ya waliomaliza chuo hapa), mwenza aliyekuja kama tegemezi wa mwanafunzi. Hao mapato ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi wajiandikishe kabla ya 5 Oktoba inayofuata, ritani (fomu ya mapato ya mwaka) na malipo ni 31 Januari, ukichelewa ni faini ya pauni 100 hata kama hudaiwi kitu. Ukiwa saiti ya ujenzi chini ya CIS (mfumo wa kukata kodi mafundi na vibarua wa ujenzi waliojiajiri), aliyejiandikisha anakatwa asilimia 20 na asiyejiandikisha 30, kwa hiyo jiandikishe kabla hujashika koleo, na ukijaza ritani ukatoa gharama za zana na usafiri unaokubalika wengi wanarudishiwa hela nzuri tu. Lakini kama msimamizi anakupangia saa ya kuingia, saa ya kutoka, huwezi kutuma mtu badala yako, na bado anakwambia wewe ni mjiajiri, jua anakwepa kukulipa likizo. Kibarua wa kuajiriwa analimbikiza likizo ya malipo asilimia 12.07 ya masaa aliyofanya, hata awe wa shifti za kubahatisha.

Kuhusu wanaosema "tafuta wa kukupa keshi, kodi ni wizi". Taarifa za mapato yote ya PAYE zinafika HMRC kila unapolipwa, na HMRC na Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji) wanapeana taarifa. Kuna watu wa viza ya zamani ya Tier 1 General (ya wenye ujuzi wa juu) walionyimwa ukaazi wa kudumu kwa sababu kipato walichoandika kwa uhamiaji hakikulingana na walichoandika kwa HMRC, mpaka mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema Home Office ilipaswa kuwapa nafasi ya kujieleza kwanza. Wengine walikaa miaka hawaruhusiwi kufanya kazi wakisubiri. Keshi ya pauni 9 kwa saa leo, bila slipu, ni chini ya kima cha sheria na siku ukihitaji kuonyesha ulikuwa unaishi kwa nini huna karatasi. Slipu ni kinga yako wewe kabla ya kuwa ya serikali.

Kwa hiyo tunza kila slipu, piga picha uweke mahali nje ya simu. Ukiacha kazi dai P45, ni haki yako, ukaipeleke kwa mwajiri mpya uepuke hadithi hii upya. Ukiwa bado kazini tarehe 5 Aprili, P60 (karatasi ya jumla ya mapato na kodi ya mwaka) inakuja kufikia 31 Mei, na kama ulizidishiwa, HMRC hutuma barua ya hesabu inayoitwa P800 kuanzia Juni. Hata isipokuja una miaka minne ya kudai, bure, mwenyewe. Yale makampuni ya "tukurudishie kodi yako" yanakula asilimia ya kitu ambacho ungepata kwa simu moja, na SMS yenye linki ya kujaza kadi ya benki upokee rifandi futa, HMRC hawafanyi hivyo. Ukimaliza kozi ukarudi nyumbani katikati ya mwaka jaza P85 (fomu ya kuwaambia HMRC umeondoka nchini), hapo wengi wanaacha hela yao Uingereza.

Wewe anza na simu kesho asubuhi mapema laini zinapofunguliwa, mchana utasubiri mno. Slipu ya wiki ijayo ikitoka weka hapa mstari wa msimbo na wa kodi tuuangalie, ila ziba jina na NI namba kwanza.