Maswali ya Wasomaji: Picha Moja, Mashindano Matatu, Alama Zisizolingana

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipeleka picha yangu ya wavuvi wakishusha samaki kutoka kwenye ngalawa alfajiri katika mashindano matatu ya mtandaoni. La kwanza ni la kikundi kidogo cha wapiga picha tunaofahamiana: nilipata wastani wa 6.4 kutoka kwa wapiga kura 18, nikawa wa 31 kati ya picha 60. La pili ni la tovuti kubwa ya nje, lenye mada ya “Kazi”: nilipata 4.9 kutoka kwa watu zaidi ya 300, nikawa wa 120 kati ya picha 310. La tatu halikutoa wastani wowote, liliniarifu tu kwamba nimepata kura 212. Picha ni ile ile, sikuigusa. Niamini lipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushukuru kwa kutuandikia pamoja na tarakimu zake, kwa kuwa wengi hututumia malalamiko matupu. Tuanze na jambo ambalo huenda hukuliona katika barua yako mwenyewe. Katika shindano la kwanza, lililokupa 6.4, picha yako ilizishinda picha 29 kati ya 60, yaani chini kidogo ya nusu. Katika la pili, lililokupa 4.9, ilizishinda 190 kati ya 310, ambazo ni asilimia 61. Kwa maneno mengine, shindano lililokusikitisha ndilo ulilofanya vizuri zaidi.

Sababu kubwa ni kwamba kipimo cha 1 hadi 10 hakina maana moja kila mahali, kama vile insha moja inavyoweza kupata 75 kwa mwalimu mmoja na 52 kwa mwingine bila yeyote kati yao kukosea. Katika kikundi cha watu wanaofahamiana, na hasa pale ambapo jina la mpiga picha linaonekana, hakuna anayetaka kuonekana amempa mwenzake 2. Alama za chini hutoweka, na kipimo kizima hubanwa kati ya 5 na 8 hivi, kiasi kwamba tofauti ya 0.3 huko ni kubwa kuliko inavyoonekana. Pale ambapo majina yamefichwa, mkono wa mpiga kura huwa mzito. Chukua mfano wa DPChallenge, tovuti ya Kimarekani iliyoanza mwaka 2002 na ambayo wapenzi wengi wa picha wanaijua: majina hufichwa hadi upigaji kura umalizike, kila picha hupewa alama kati ya 1 na 10, na kura za mtu hazihesabiwi mpaka awe amepigia angalau asilimia 20 ya picha zote zilizoshindanishwa. Huko hata picha inayoshinda kwa kawaida huishia kwenye 7 na kitu. Anayetoka katika kikundi chenye huruma akaingia katika mfumo wa namna hiyo atadhani ametukanwa.

Jambo la pili ni idadi ya wapiga kura, na hapa inafaa tufanye hesabu kidogo. Tuchukulie kwamba kura za watu kwa picha moja hutofautiana na wastani wao kwa alama 2 hivi, jambo ambalo si la ajabu kwenye kipimo cha 1 hadi 10. Ukiigawanya 2 hiyo kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wapiga kura, unapata kiasi ambacho wastani wenyewe unaweza kuyumba kwa bahati tu: kwa watu 18 ni karibu 0.5, na kwa watu 300 ni karibu 0.12. Wanatakwimu huchukua takriban mara mbili ya kiasi hicho kwa tahadhari. Kwa hiyo 6.4 yako isomeke kama alama iliyo mahali fulani kati ya 5.5 na 7.3, ilhali 4.9 ni nadra kuwa imepotoka nje ya 4.7 na 5.1. Bahati ingeweza kulipunguza pengo baina ya alama zako mbili, lakini isingeweza kulifuta; kilichobaki kinatokana na wapiga kura wenyewe, mada, na picha zilizokuwa jirani na yako. Na nafasi yako ya 31 nayo usiishike kwa nguvu, kwani kura tatu au nne za watu ambao siku hiyo hawakuingia mtandaoni zingeweza kukusogeza nafasi kadhaa juu au chini.

Shindano la tatu halihesabu wastani, linahesabu kura, na hicho ni kitu kingine kabisa. Katika shindano la Picha ya Mwaka la Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zilizo huru kutumiwa, shindano ambalo limekuwapo tangu 2006, raundi ya kwanza humruhusu mpiga kura kuunga mkono picha nyingi kadiri anavyopenda, lakini katika fainali huwekewa ukomo wa kura chache. Picha ya kupendeza isiyomuudhi mtu huvuna vizuri katika utaratibu wa kwanza. Utaratibu wa pili huipa nafasi picha ambayo baadhi ya watu wameipenda kupita nyingine zote. Kuna pia mifumo kama wa GuruShots, jukwaa la mtandaoni la mashindano ya picha, ambamo picha yako huonyeshwa kwa watu wengi zaidi kadiri wewe mwenyewe unavyozipigia kura picha za wengine, na hivyo idadi ya kura inachanganya ubora wa picha na bidii ya mwenyewe. Bila kujua picha yako ilionwa na watu wangapi, na wenzako walipata ngapi, hizo 212 hazisemi lolote. Ziache.

Uliza pia kama kura zilikuwa zikionekana wakati shindano linaendelea. Mwaka 2006 watafiti watatu, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000 waliosikiliza nyimbo zisizojulikana kupitia mtandao. Washiriki waligawanywa katika makundi yasiyowasiliana, na katika baadhi ya makundi hayo kila mtu aliweza kuona wimbo upi umepakuliwa mara ngapi na wenzake. Nyimbo zilezile zilipata nafasi tofauti katika makundi tofauti, na kuonekana kwa hesabu kuliongeza utofauti huo. Nyimbo bora sana ni nadra kuanguka na mbovu sana ni nadra kupanda, lakini zile za katikati ziliweza kuishia popote. Wao walipima nyimbo, lakini sioni kwa nini picha ziwe tofauti, na picha yako, tuseme ukweli bila kukuudhi, iko katikati.

Mambo mengine ni madogo, ingawa hayapuuziki. Wanaopiga kura kupitia simu huona kijipicha kabla ya kuona picha, na kijipicha hupendelea umbo moja kubwa lenye rangi kali kuliko ufuo wenye watu kumi na ndoo zao. Picha iliyohifadhiwa katika rangi za Adobe RGB, kisha ikapakiwa mahali ambapo mfumo huo wa rangi hautambuliwi, huonekana imepauka. Ihifadhi katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida mtandaoni, kabla ya kuituma. Pia picha inayotazamwa mara tu baada ya ile iliyo bora mno huumia, na ndiyo maana mashindano makini humpa kila mpiga kura mpangilio wake.

Ukitaka kulinganisha, andika asilimia ya picha ulizozishinda, kisha angalia mgawanyo wa kura pale unapoonyeshwa. Picha iliyopewa 6 na kila mtu na picha iliyopewa 9 na nusu ya watu na 3 na nusu nyingine zina wastani uleule. Ya pili ina cha kukufundisha zaidi, kwa sababu kuna kitu ndani yake kilichowagawa watazamaji.

SWALI: Mhariri, dada yangu alishiriki shindano la ukurasa wa Facebook ambapo picha yenye laiki nyingi ndiyo hushinda. Aliongoza hadi usiku wa mwisho, kisha akapitwa na picha yenye ukungu. Je, tulalamike? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kama kanuni zilisema laiki ndizo zitakazoamua, hamna pa kulalamikia, labda mwe na ushahidi kwamba laiki hizo zilinunuliwa. Shindano la namna hiyo hupima nani ana jamaa wengi walio macho usiku, na mwandaaji hufaidika kwa kuwa kila mshiriki humletea wageni kwenye ukurasa wake. Safari ijayo mwambie asome kama kura huchagua mshindi moja kwa moja au huchuja tu picha zitakazokwenda mbele ya majaji, na asome pia kifungu kinachohusu matumizi ya picha, kwa kuwa baadhi ya waandaaji hujipa ruhusa ya kuzitumia picha zote zilizotumwa, zikiwemo zilizoshindwa.